Pumzi Niliyoizuia

Kupitia tundu la meza, pale mgonjwa anapotumbukiza uso, niliviona viatu vya baba. Vya kahawia, soli ya mpira, kamba zimefungwa fundo mbili mbili. Vilinizunguka polepole: kulia kwangu, kichwani, kushoto. Nje barafu ilikuwa imelishika jimbo zima la Iowa kama gundi, lakini karatasi niliyoilalia shavu ilikuwa imelowa jasho langu hadi ikachanika.

"Umekaza kama mlango wa zizi," baba alisema juu yangu. "Legea."

"Nimelegea."

"Ungelegea ningekuwa nimeshamaliza, nipo mezani nakula."

Mkono wangu wa kushoto nilikuwa nimeulalia, nimeubana chini ya paja. Niliuficha makusudi. Kidole kidogo na jirani yake havikuwa vyangu tena tangu jana asubuhi. Nilikuwa nikivitazama darasani kama mtu anayetazama soksi za mwingine: viko pale, vina kucha, havisemi lolote. Asubuhi ile niliangusha penseli mara nne. Mara ya tano niliiacha sakafuni, nikajifanya nasikiliza somo.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Kesho yake, Jumamosi, palikuwa na mashindano ya mieleka ya wilaya, na mimi ndiye niliyekuwa napigana katika uzito wa ratili mia moja thelathini na nane. Wiki tatu nilikuwa naishi kwa machungwa na mate. Nilishakimbia juu na chini ngazi za shule nimevaa mifuko ya plastiki chini ya sweta ili maji yanitoke mwilini. Mbele yangu kesho alikuwa amesimama kijana mmoja wa kaunti ya pili aliyenibwaga mwaka uliotangulia kwa sekunde ishirini na sita, mama yangu akiwa anatazama. Kwa ajili ya kijana yule ningeingia ulingoni nimebeba kichwa changu kwenye ndoo.

Ajali yenyewe ilikuwa ya kijinga. Alhamisi, saa moja asubuhi, barabara ya changarawe inayopita nyuma ya shamba la mzee Arlo Vondracek. Kulungu aliruka kutoka kwenye mabua ya mahindi, nami nikafanya lile ambalo kila baba wa kule humkataza mwanawe tangu hajafika kwenye usukani: nikakata kona kumkwepa. Pikapu ilizunguka juu ya barafu, taratibu kabisa, nikaona nyumba, ghala, nyumba tena, kisha ikajirusha mtaroni. Utosi wangu ukagonga paa. Nilisikia kitu kama mtu anayekanyaga ganda la karanga. Kisha kukawa kimya, na kulungu akasimama upande wa pili wa mtaro, ananitazama.

Mzee Arlo alikuja na trekta akanivuta. "Uko mzima?" aliuliza.

"Mzima."

"Taa moja tu imekufa. Mwambie baba yako ni kulungu. Usimwambie ulimkwepa."

Nikamwambia baba ni kulungu. Nikamwambia shingo imekaza kidogo. Yote mawili yalikuwa kweli, na hapo ndipo nilipojenga uongo wangu.

Ili uelewe kwa nini sikwenda kwa daktari, lazima uijue nyumba yetu. Kwetu hapakuwa na chupa hata moja ya dawa. Baba yangu, Verlyn Hruska, alikuwa mnyoosha migongo, na baba yake kabla yake. Babu alisomea kazi hiyo chuoni Davenport enzi ambazo madaktari wa hospitali waliwashtaki watu kama yeye, akafungwa siku tisini katika gereza la kaunti kwa kunyoosha watu bila leseni. Angelipa faini angelala kwake. Alikataa. Alitaka aingie na meza yake, wakamruhusu, na wagonjwa wakawa wanapanga foleni kwenye korido ya gereza wameshika kofia. Picha yake siku aliyotoka ilitundikwa ofisini kwa baba, juu ya simu: mzee mfupi, shingo nene, ametabasamu kama mtu ambaye ng'ombe wake ameshinda kwenye maonyesho.

Mimi nilinyooshwa nikiwa na umri wa saa tatu. Sikio likiniuma, nilinyooshwa. Nikikojoa kitandani, nikiota ndoto mbaya, nikifeli hesabu. Kila Jumapili kabla ya kanisa baba alikunjua meza ndogo jikoni, tukajipanga: mama, dada yangu Marlys, mimi. Kila mmoja alilala chali, akaingiza kichwa katika ile mikono mikubwa yenye joto, akasikia maneno mawili tu. "Vuta." Ukavuta pumzi. "Toa." Ukaitoa, na mwisho kabisa wa pumzi, pale mwili unapobaki hauna mwenyewe, mikono iligeuka. Tak. Ukashuka mezani ukaenda kuvaa viatu.

Kwa hiyo Ijumaa ile mpango wangu ulikuwa rahisi. Baba angegeuza, tak, vidole vingenirudia, kesho ningemlaza yule kijana chali. Lakini ningemwambia habari ya vidole, angenipiga picha za eksirei katika chumba cha nyuma, angezitundika kwenye taa, angezitazama nusu saa akiwa ametoa midomo nje, na mieleka ingekuwa imekwisha. Niliona nina akili sana.

Chumba cha kungojea kilikuwa kimejaa nilipofika kutoka shule. Ijumaa wakulima walikuja mjini. Mzee Arlo mwenyewe alikuwepo, kofia gotini.

"Mpitishe bingwa kwanza, LaVonne," alimwambia bibi wa mapokezi. "Mgongo wangu umeoza miaka thelathini, hauwezi kuoza zaidi kwa dakika kumi."

"Dakika kumi kwako ni kidogo, ukianza kusimulia ni saa nzima," LaVonne alimjibu bila kuinua uso.

"Verlyn!" mzee akapaza sauti kuelekea mlangoni. "Usimvunje huyo! Nimeshawatukana watu wa kaunti ya pili, nikaapa atawalaza wote. Ukimvunja nitahama."

Watu wakacheka. Baba naye alicheka, akanishika bega akaniingiza ndani. Na hapo, katikati ya kile kicheko, aliruka jambo moja. Kila mgonjwa aliyevuka mlango ule baba alimpa mikono yote miwili na kumwambia, "Kaza." Wageni walidhani ni salamu ya kwetu. Haikuwa salamu, alikuwa anapima nguvu ya upande huu na upande ule, na hakuwahi kumgusa mtu kabla ya kupima. Mimi hakunipa mikono. Nilikuwa mwanawe, mikono yake inanijua tangu nina umri wa saa tatu, na nje watu tisa walikuwa wanangoja.

"Geuka," alisema sasa. "Lala chali."

Niligeuka. Kitu fulani ndani ya shingo kilikwaruza, kidogo tu, kama changarawe chini ya mlango, na mkono wa kushoto ukapitiwa na moto kuanzia kwapani hadi kwenye vile vidole vilivyokufa. Sikutoa sauti. Mwanamieleka hujifunza hilo kabla ya kitu kingine.

"Inauma?"

"Kidogo."

"Vidole? Vinawasha, vina ganzi?"

Aliuliza kwa sauti ileile aliyowauliza watu wote, huku anasugua viganja vipate joto. Dari la chumba kile lilikuwa na doa la maji lenye umbo la buti. Nilikuwa nalijua doa lile kama uso wa ndugu.

"Hapana," nikasema.

Mikono ikaja. Ikanishika chini ya masikio, vidole vikapapasa nyuma, pingili moja baada ya nyingine, vikafika chini vikasimama. Vikapapasa tena palepale. Nilisikia harufu ya sabuni yake. Nilijiambia: sekunde mbili tu. Nilijiambia: hajawahi kukosea. Na sauti nyingine, ambayo sikuwahi kuisikia ndani yangu, wala sikujua kama inakaa humo, ikasema: anakwenda kukuua, na hatajua kwamba wewe ndiye uliyemwambia afanye hivyo.

"Vuta," baba alisema.

Nikavuta.

"Toa."

Kichwa changu kilikuwa kimeshaanza kuelemea kulia mikononi mwake. Nilisikia saa ya ukutani. Nilisikia mzee Arlo akisimulia trekta yake nje. Nilitaka kutoa pumzi, naapa nilitaka, kifua kilikataa. Kilikaa juu, kimejaa, kigumu kama ngoma, na macho yangu yakaganda kwenye buti la darini.

"Toa, kijana."

Haikutoka.

Mikono ikasimama. Haikuniachia, ilisimama tu.

"Miaka kumi na saba," baba alisema polepole. "Hujawahi kuninyima pumzi."

Kiganja chake kimoja kikatoka chini ya sikio langu.

"Nipe mkono."

Nikampa wa kulia. Aliacha kiganja kimoja chini ya kichwa changu, akaushika kwa kingine. Nikaukaza kwa nguvu zangu zote.

"Ule mwingine."

Ulikuwa bado chini ya paja. Ilinichukua muda kuutoa. Niliukaza hadi meno yakauma, na nikautazama uso wake uliopinduka juu yangu nione atasemaje. Uso wake ulififia rangi kuanzia kwenye paji, kama kitambaa kinachofuliwa.

"LaVonne!" aliita. Sauti haikuwa kubwa, lakini kicheko kule nje kilikatika. Bibi alipofungua mlango, baba hakugeuka. "Piga simu hospitali. Waambie ambulensi. Waambie shingo."

"Hospitali gani?"

"Hospitali, LaVonne. Ile ya madaktari."

Namba haikuwepo ukutani. Miaka yote ile haikuwahi kuandikwa. Nilimsikia LaVonne akifunua kitabu cha simu, kurasa zikirushwa mbele na nyuma, pale chini ya picha ya babu. Mashine ya eksirei ilikuwa chumba cha nyuma, hatua kumi. Baba hakutaka nipige hata moja. Alipiga magoti sakafuni nyuma ya meza, akaegemeza viwiko juu ya mto, akakibana kichwa changu kati ya mikono yake, na akakaa hivyo.

Dakika arobaini. Barabara zilikuwa barafu tupu. Dakika arobaini hakubadili goti. Nilisikia pumzi zake juu ya utosi wangu, na baada ya muda nikatambua anazihesabu zangu.

"Baba, kesho—"

"Nyamaza. Usitingishe taya."

Machozi yalinishuka pembeni yakaingia masikioni. Yakafika vidoleni mwake. Hakuyafuta, angelazimika kuniachia.

Waliokuja ni watu wawili wa kujitolea, mmoja wao Dwayne, aliyeuza mbegu pale mjini na kumtania baba kila walipokutana.

"Mvunja migongo kaita ambulensi!" alisema akiingia na ubao wa kubebea wagonjwa. "Nilidhani redio imeharibika."

"Njoo ushike hapa," baba alimwambia. "Hapa. Kama ilivyo mikono yangu. Utacheka ukishamfikisha."

Dwayne alimtazama, akavua kofia, akashika.

Hospitalini, daktari kijana mwenye miwani alizitundika picha kwenye taa, akazitazama, akaita mwingine, wakazitazama wawili. Pingili ya saba ya shingo ilikuwa imevunjika, na kipande chake kimekaa pembeni ya uti wa mgongo kama kisu kilichosahauliwa mezani.

"Nani aliyekushika shingo kabla ya hapa?"

"Baba yangu."

"Aliigeuza?"

"Hapana."

Alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na kitu. Kisha akatoka kwenye korido, ambako baba alikuwa amesimama kwa sababu alikataa kuketi kwenye viti vyao. Mlango ulibaki wazi. Nilimsikia daktari akieleza: kipande kile kingesogea kiasi cha unene wa sarafu tu, nisingetembea tena, pengine nisingepumua. "Umefanya vizuri sana, bwana," akamalizia.

"Sikufanya kitu," baba alisema.

Walinichukua kipande cha mfupa kiunoni wakaziunga kwacho pingili mbili. Yule kijana wa kaunti ya pili alikwenda mpaka mashindano ya jimbo, akashika nafasi ya tatu. Kwa muda mrefu nilimchukia. Siku hizi hata jina lake hunichukua muda kulikumbuka. Mama ndiye aliyeniambia, nikiwa mtu mzima, kwamba baba alifunga ofisi siku nane, jambo ambalo hakulifanya hata babu alipokufa, na aliporudi alipitisha mwezi mzima bila kugusa shingo ya mtu. Wakulima walidhani ameumia mikono.

Tangu siku ile hakuninyoosha tena. Jumapili meza ikikunjuliwa mimi nilikaa dirishani na kola ngumu ya shingo niliyovalishwa hospitalini, kisha bila kola, nikiwasikia mama na Marlys wakitoa pumzi zao. Hatukulizungumzia. Hakuwahi kuniuliza kwa nini nilisema hapana, na mimi sikuwahi kumwuliza mikono yake ilikuwa imefika wapi nilipoizuia pumzi.

Lakini kila niliporudi nyumbani, mwaka baada ya mwaka, nikiwa na mke, nikiwa na watoto, hadi majira ya baridi yale ya mwisho wake alipokuwa hawezi tena kunyanyuka kitini, alinipokea mlangoni au pale alipoketi kwa mikono yote miwili mbele. Wanangu walidhani ni salamu.

"Kaza," alisema.

Nami nilimpa wa kushoto kwanza.