Dakika Kumi na Mbili

Bilonda alikuwa amelala ubavu kwenye kitanda cha mwisho, karibu na dirisha, tumbo lake la miezi minane na nusu likiegemea mto alioletewa kutoka nyumbani. Watoto wake wawili wa kwanza walikufa wakizaliwa kijijini kwa mama yake. Huyu wa tatu, daktari alisema, hatangojea uchungu. Mama atapasuliwa Alhamisi asubuhi. Hospitali ilikuwa ya Kampuni, kitanda cha Kampuni, hata shuka ilipigwa mhuri wa Kampuni, na kadi ya buluu iliyotundikwa miguuni ilimruhusu mke wa mfanyakazi kulala pale. Mke wa mtu mwingine hakuruhusiwa hata kukaa kwenye benchi la nje.

Mumewe, Kisimba, alifunua sufuria ya bukari, ugali wa kwao, na samaki.

"Leo njo banakuita ku biro ya Kampuni?" Bilonda aliuliza.

"Njo leo. Usiogope, mama. Ile compteur inadanganya. Nitabaonyesha kwa macho yabo."

"Na bakikataa?"

"Batakataa saa? Saa haina ndugu ku biro."

Kwa miaka kumi na mmoja Kisimba alikuwa amewapeleka wafanyakazi kwa basi kutoka Dilala hadi machimbo ya Musonoi bila kuandikiwa kosa. Halafu, mwezi wa Januari, tairi za basi zilikosekana, gereji ikalifunga tairi kubwa za lori. Tangu siku hiyo mshale wa compteur, kipimamwendo kilichokuwa mbele ya usukani, ulisema uongo. Ukionyesha kilomita arobaini kwa saa, ambayo ndiyo sheria ya barabara ya Kampuni, basi lilikuwa linakwenda mbio zaidi. Mlinzi wa barabara alijificha nyuma ya nyumba ya transfoma na saa yake mkononi, akampima kutoka nguzo hadi nguzo. Alimwandikia karatasi ya kosa mara tatu. Kosa la tatu ni kufukuzwa kazi, na mtu akifukuzwa kadi ya buluu inarudishwa siku hiyohiyo.

Madereva wengine wangenyamaza. Kisimba alikata rufaa.

Saa nne walitoka na basi kwenda kulipima kwenye barabara ya Nzilo, penye mawe ya kilomita. Citoyen Kabongo, mkuu wa usafiri, alikaa mbele, abacost yake, koti la wakubwa, imefungwa hadi kooni katika joto lile. Ntumba, mkuu wa gereji, alikaa nyuma yake akitazama nje. Walipolifikia jiwe la tano Kabongo alitazama saa yake mwenyewe. Kisimba aliushika mshale kwenye arobaini, hakuuacha upande wala ushuke, shati limemganda mgongoni. Mpaka jiwe la kumi na tano ni kilomita kumi. Mshale ukisema kweli, ni dakika kumi na tano.

Walitumia kumi na mbili.

"Citoyen Kisimba," Kabongo alisema, akimpiga begani, "we ni mwalimu!"

Kisimba alicheka. Alirudi mjini akicheka peke yake, mtu mzima, na moyoni alikuwa ameshamchagulia mtoto jina.

Ofisini palikuwa na viti viwili, kwa hiyo alisimama.

"Karatasi ya tatu inafutika," Kabongo alimwambia karani wa mashine ya kuandika. "Mushale ulisema makumi ine, bisi ilikuwa na makumi tano. Andika."

"Aksanti sana, tata," Kisimba alimwambia, kama mtu na baba yake.

"Sasa unambie. Ile compteur inadanganya tangu lini?"

"Tangu mwezi wa kwanza, tata, wakati balitia ma-pneu ya camion."

"Na we ulijua?"

"Nilijua kiisha juma moja. Nilienda kumwambia chef Ntumba."

Ntumba alijitazama viatu. "Mi sikumbuki. Mukanda, ile barua ya kuniambia, iko wapi?"

"Nilisema na kinywa, chef. Ulikuwa unakula karanga. Ulinijibu: endesha tu."

"Mi sikulaka karanga ku kazi."

Karani alicheka, akaacha. Kabongo alinyoosha mkono. "Carnet yako ya safari."

Kisimba alilitoa daftari kwa furaha. Lilikuwa nadhifu kuliko yote ya madereva, limevalishwa kitambaa, kila safari na saa yake, kwa mwandiko aliofundishwa na masista. Kabongo alifunua ukurasa baada ya ukurasa, ncha ya kalamu ikigusa kila mstari. Alichukua muda wake.

"Mia saba na kumi na mbili," alisema mwishoni. "Safari zote hizi, mushale ku makumi ine?"

"Zote, tata. Sikupitisha hata siku moja."

"Basi zote ulikimbia makumi tano. Na ulijua." Alilifunga daftari taratibu. "Asubuhi nilikuwa na makosa tatu yako, na ya tatu ulikuwa unaikatala. Sasa niko na mia saba na kumi na mbili, na we mwenyewe njo uliyaandika."

Kisimba aliisogelea meza. Hesabu ilikuwa sahihi, na mwenye kuithibitisha alikuwa yeye.

"Tata, bibi yangu batamupasula siku ya ine, kesho kutwa. Uniachie siku mbili tu. Kiisha unifukuze."

"Kadi ni ya mufanyakazi." Kabongo alimgeukia karani. "Andika tarehe ya leo."

"Na bisi, citoyen directeur?" Ntumba aliuliza. "Tubadilishe ma-pneu?"

Kabongo alitazama saa. "Batu ba zamu ya saa nane batapanda nini? Itoke. Bisi haikujitetea."

Saa tisa Kisimba na mkewe walikuwa nje ya lango la hospitali. Muuguzi alikuwa ameifungua kadi kutoka kitandani bila kumtazama mgonjwa, akaomba na shuka. Bilonda alisimama kwa kushikilia ukuta, miguu imevimba, beseni la nguo chini mbele yake. Nyumbani ni kilomita nne.

"Tulishinda?" aliuliza.

"Tulishinda. Balifuta karatasi."

Alimtazama mumewe, akalitazama lango lililofungwa nyuma yao, akashika tumbo kwa mikono miwili.

Kisha basi likaja kutoka Musonoi, lile lile, nusu tupu, vumbi nyuma yake. Kisimba aliujua mlio wake. Alikimbia hadi katikati ya barabara, akainua mikono yote miwili, akaita lisimame liwachukue. Dereva mpya alikuwa mtu mwangalifu. Alikuwa amesomewa mchana ule habari ya aliyemtangulia, na macho yake hayakutoka kwenye mshale, uliosimama sawasawa kwenye arobaini. Kisimba aliruka mtaroni. Basi likapita.