Buriani ya Jethro Pell

...si kweli, hakusema hata neno moja kati ya haya, Jethro tangu azaliwe hajawahi kutamka "ewe mama mpenzi", yeye husema "we mama, mkate upo?", lakini karatasi ndivyo inavyosema, imechapwa jana na wino bado unachafua vidole, Buriani ya Jethro Pell, Aliyoiimba Mwenyewe Chini ya Kitanzi, na mwenyewe yu hai, mkokoteni unaompeleka kunyongwa ndio kwanza umetoka gerezani, kengele ya kanisa inasikika mpaka hapa Holborn, na mamaye Dorcas amesimama kwenye kona anayouzia nyimbo miaka kumi na tisa, furushi la karatasi mkononi, mdomo wazi, sauti haitoki. "Nipe mimi niimbe, shoga," anasema Peg, mwenzake wa kazi, "we nenda nyumbani, hakuna atakayekulaumu"... nyumbani kuna nini, kuna kitanda chake, kuna kiatu kimoja, hapana, hampi, Peg huimba puani... "Bibi wee, kulikoni? Au na wewe kitanzi kimeshakubana?" anapayuka mwanamume mmoja na umati unacheka, wacheke, mimi pia nilicheka, yule mama wa mtaa wa Shoreditch mwaka juzi aliponunua buriani ya mwanawe, akaibusu karatasi, akaikunja akaitia kifuani, Peg na mimi tulicheka hadi mbavu zikauma, mjinga yule, hajui kuwa ni beti zile zile za mwizi wa farasi wa mwezi uliopita, na za yule aliyemchoma kisu mkewe, mchapaji habadilishi kitu ila jina, hata picha ni ile ile ya mtu mwenye ndevu, na Jethro hata ndevu hazijamtoka vizuri... mahadhi nayo anachagua ya kuchezeka ili watu wanunue, leo ni ya ule wimbo wa ngoma, Mkamuaji Mchangamfu, Mungu wangu, katika mahadhi yote, ndiyo aliyokuwa akirukia Jethro kando ya beseni la kufulia, uchi, ana miaka mitatu, "tena, mama, tena"... asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, ndivyo wanavyonong'ona sokoni, mbona nilimfunza, nilimfunza kwa ufagio na kwa machozi, akaenda akaiba kikombe cha fedha cha yule yule mjane aliyetulisha wakati wa baridi, ningeuweka wapi uso wangu, na Jumanne askari jela alipokuja mlangoni, "Mwanao anakuita, mama, anasema uje japo kidogo tu," Dorcas akajibu bila kugeuka, mikono ndani ya unga, "Mwambie hana mama," akaendelea kukanda, na unga ukaumuka, akala mkate, aliula wote... "Dorcas! Wameshafika kanisani, wanampa yale maua ya wanaokwenda kunyongwa," anasema Peg, na sasa Peg analia, kwa nini analia yeye... ewe mama mpenzi, nisamehe, usilie, beti ya tatu, nimeiimba mara ngapi huku nikiwaza mchuzi, hakusema, hakupata wa kumwambia, nilimnyima hata masikio yangu... na yule mama wa Shoreditch alijua. Bila shaka alijua! Ameishi mjini humu maisha yake yote, amezisikia beti hizo kila Jumatatu ya kunyonga, alijua ni uongo wa mchapaji na akaubusu, kwa sababu hakuwa na neno jingine lolote kutoka kwa mwanawe, na huenda yeye pia aliitwa asiende... nikinyamaza atapita hapa na kimya kile kile cha Jumanne, nikiimba atamwona mamaye akikiuza kifo chake, na hakuna njia ya tatu, hakuna, ila beti ya tatu ina "nisamehe" na ina "mpenzi", na wimbo haujali ni nani anayemwambia nani, nitaianza hiyo kwanza, nitaiimba polepole hata kama hawatanunua, mwanangu, nisamehe, usilie... "Imba basi!" wanapiga kelele, na kengele inalia, na mkokoteni bado haujatokea barabarani, na Dorcas anatafuta sauti.