Mkalimani Ainua Mkono

Katika mdahalo uliofanyika ukumbi wa zimamoto, wagombea wote wawili wa kiti cha bunge la jimbo waliahidi kuilinda shule ya viziwi, na mara zote mbili watu walipiga makofi. Maren Tollefsrud, mkalimani wa lugha ya alama, alisimama kando ya jukwaa katika nguo zake nyeusi, mikono ikiwa imemning'inia.

Sikio huridhika na neno tupu. Jicho halidanganyiki upesi hivyo. Ili alionyeshe neno kulinda kwa alama, Maren alihitaji kujua ni nani anayelindwa, na dhidi ya nini. Mstari wa mbele, Delphine Kratz, mama kiziwi, alikuwa anamngoja. Binti yake wa miaka saba, Junie, alilala bweni katika shule hiyo, kwa kuwa shamba lao la mahindi lilikuwa maili themanini kutoka hapo. Jumanne Delphine angepiga kura, na alikuja kujua jambo hilo moja.

Delphine akauliza kwa vidole, taratibu: wanalinda nini?

Mkalimani haruhusiwi kuongeza neno lake. Lakini anaruhusiwa kuomba ufafanuzi, na kwa miaka minne Maren hakuwahi kuitumia ruhusa hiyo mbele za watu. Hata mkahawani, akiletewa supu isiyo yake, aliinywa akanyamaza. Sasa aliinua mkono.

"Samahani, bwana Haverkamp. Sijui niseme nini hapa. Unawalinda watoto wabaki pale, au unalinda jengo?"

Royce Haverkamp, mgombea wa kwanza, akacheka. "Binti, wewe tafsiri nilichosema."

"Ndicho ninachojaribu, bwana."

Mtu mmoja nyuma akasema waziwazi kwamba angependa kujua hilo naye. Haverkamp akazunguka sana kabla ya kufika: lile jengo la matofali ni urithi wa wilaya, lingefanywa makumbusho, na kila mtoto angesoma karibu na kwao, pamoja na wenzake wanaosikia. Maren akayaweka yote mikononi, hadi makumbusho.

Lenora Stoddard, mpinzani wa Haverkamp, alikuwa anatabasamu. "Mimi sitafunga mlango wa shule ile. Mimi nailinda kwelikweli."

Maren alitamani mno kumwamini. Lakini Delphine alikuwa ameuliza tena, na swali lilikuwa lilelile.

"Na bweni, mama?" Maren akauliza.

Tabasamu likapungua. Bweni, Stoddard alieleza, lilikuwa jambo la bajeti. Masomo ya mchana yangeendelea. Wazazi wanaokaa mbali wangefanyiwa mpango.

"Mpango gani?"

"Tutaunda kamati."

Mwendesha mdahalo, mzee Birdsall, akagonga meza. Alimkumbusha Maren kwamba maswali yalipaswa kuandikwa kwenye kadi, na kwamba mkalimani ameajiriwa kutafsiri, si kuwahoji wageni; chama cha wakazi kilichoandaa mdahalo kingelifikiria hilo kabla ya kumwita tena. Maren akalitafsiri karipio hilo pia, neno kwa neno, kwa kuwa Delphine alikuwa na haki ya kuliona.

Delphine akasimama. Mikono yake ilikwenda kwa kasi na hasira, na sauti ilimpasa Maren kuitoa yeye. Kwa desturi ya kazi yake, mkalimani husema "mimi" pale msemaji anaposema "mimi". Sauti yake ndogo ikajaza ukumbi, na hakutaka tena kuipunguza.

"Mimi ni mama wa Junie. Mmoja wenu analinda matofali. Mwingine analinda mlango ambao mwanangu hawezi kuufikia. Mmetuletea neno moja, mkalipaka rangi kila mtu yake, mkadhani kwa kuwa hatusikii hatutaona. Nimeona."

Birdsall akaomba kadi inayofuata. Delphine hakuketi, na Maren hakuishusha mikono yake.