Joto la Mtoto

Jana, baada ya chakula cha mchana, nilijilaza nikaota, na nasimulia bila kutia chumvi.

Kwanza mjue hali yangu. Nina mimba ya miezi saba. Moto hunipanda kifuani bila hodi, ukafika usoni, jasho likanitiririka, nikabaki natafuta hewa. Nesi Yustina wa kliniki aliniambia ni kawaida: ninywe maji, nivae nguo nyepesi za pamba, nikae penye upepo, na nikipata homa niende mara moja. Mama mkwe wangu, Bi Mwanahija, alikaa pale akasikiliza yote, kisha akarudi nyumbani akalipigilia misumari dirisha la chumba changu. Kwao mwenye mimba hapigwi na upepo wala hagusi maji baridi. Joto hilo ni la mtoto, alisema, ole wangu nikilimwaga. Mume wangu, Mbaraka, ndiye aliyemshikia misumari. Mimi sikutaka kitu kingine duniani ila dirisha lile lifunguliwe.

Basi, katika ndoto, niko kitandani. Bi Mwanahija anaingia na sufuria ya maharage, ananiwekea kifuani. Maharage yanachemka. Anashukuru Mungu, leo mkaa utabaki. Majirani nao wanapanga foleni na mabirika. Nawaambia naungua. Wananiomba nisitikisike, chai itamwagika.

Wakishaondoka, anakuja Mbaraka na shati lake jeupe lililojikunja. Ananigeuza, analitandaza mgongoni mwangu, anaanza kulinyoosha kwa kiganja. Kola inampa shida. Namwomba anifungulie dirisha. Anasema mambo ya dirisha ni ya ofisini.

Hapo hapo chumba kinakuwa ofisi. Nyuma ya meza kuna feni iliyovaa miwani. Inageuza shingo kushoto na kulia, kwa hiyo kila sentensi naipata nusu. Nusu nyingine inamwendea Mbaraka, ambaye amekaa upande wa pili na amelala fofofo.

"Kufungua dirisha," feni inasema, inageuka, inakaa huko, inarudi, "na saini ya mama mkwe."

"Na nini kingine kabla ya saini?"

"Hiyo ameambiwa mumeo."

Namwamsha Mbaraka. Anasema hakusikia neno, alikuwa anapata upepo.

Nilikasirika jamani, acheni tu. Nililia, na machozi yakakauka kabla ya kufika shavuni. Dirisha lenyewe likakohoa pale ukutani. Likasema linanionea huruma, tena sana, lakini na lenyewe linakaa kwa Bi Mwanahija na halitaki maneno. Nikaona hata mbao zinamwogopa mama mkwe, sembuse mume wangu.

Nikabaki na mmoja tu wa kumuuliza. Nikashika tumbo.

"Mwanangu, eti hili joto ni lako?"

Nikamsikia anapangusa uso.

"Mimi nilidhani ni lako, mama," akasema. "Nimekaa kimya nisikuudhi. Na mimi huku naungua."

Nikazinduka. Shuka limelowa. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri na pasi yetu iko kabatini, haijaguswa wiki nzima. Mbaraka alikuwa amesimama miguuni pa kitanda amevaa shati jeupe, limenyooka mpaka kola.

Nikamwambia mtoto anaungua, chonde afungue dirisha.

Akaniambia hilo nimuulize mama. Kisha akatoa suruali kwenye msumari wa mlangoni, akaikung'uta.

"Geuka kidogo," akasema, "bado hii."