Koti Juu ya Taa

Uliiona. Usijifanye hamnazo. Taa ilikuwa inawaka nyekundu pale kona, koti limetundikwa juu yake, mkono mmoja wa koti unaning'inia, nawe ukapita na kikombe chako cha chai ukichezea simu. Ukajisemea yupo mtu wa kushughulikia. Hayupo. Basi vuta kiti usikilize habari za mwanamke aliyeitwa Kero, kwa sababu kuna mtu anapumua leo kwa ajili yake, na waliomshukuru ni wa kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Ofisi ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la magodoro. Feni ilizunguka kwa manung'uniko, na dirisha moja lilikuwa halifungiki tangu siku lilipofunguliwa kwa nguvu. Humo ndimo walimotengeneza mfumo wa hospitali: nesi akigusa jina la mgonjwa, skrini imwonyeshe umri wake, dawa anazotumia, na mzio wake, yaani vitu ambavyo mwili wake haupatani navyo. Miongoni mwa waliojenga programu hiyo alikuwemo kijana waliyemwita Pacha, maana hakumaliza maneno mawili bila kumtaja pacha wake, fundi wa kuchomelea vyuma. "Pacha wangu angecheka hapa." "Pacha wangu hawezi kula hiki." Ofisi nzima ilimjua dada huyo bila kumwona.

Asubuhi moja Meneja alimhamisha Pacha kutoka meza ya wajenzi kwenda meza ya wakaguzi.

"Nimekosa nini, bosi?"

"Hujakosa kitu. Kero anahitaji mtu."

Meza ya wajenzi ikaguna kwa pamoja. Chapuchapu, aliyekuwa mwepesi wa vidole na mwepesi zaidi wa mdomo, akajifanya anamwaga udongo kaburini. "Nenda salama, ndugu yetu. Tutakukumbuka kwa mema."

Kero hakupewa jina hilo na mama yake. Alipewa na ofisi, kwa kuwa kila walipotaka kukabidhi kazi yeye alikuwa na swali. Na ofisi, kama unavyojua, humsamehe mwizi wa chai kabla ya kumsamehe mwenye swali. Alikaa peke yake kwenye kona, chini ya taa ndogo aliyoifunga mwenyewe ukutani.

"Kaa," alimwambia Pacha bila kuinua macho. "API unaijua?"

"Nimezijenga kwa mkono wangu, dada."

"Sijauliza kama umezijenga. Nimeuliza kama unazijua."

Kero akachora mraba kwenye karatasi. API ni dirisha ukutani, alisema. Programu moja inasimama huku inauliza, nyingine iko kule inajibu, na hakuna anayemwona mwenzake. Kazi yetu ni kusimama dirishani na kuuliza. Kuuliza vizuri na kuuliza vibaya. Kuuliza habari za mgonjwa asiyekuwepo, za mgonjwa aliyezaliwa mwaka ujao. Kuuliza bila kitambulisho. Kisha tunaandika programu ndogo iulize maswali hayo yenyewe, kila mtu anapogusa kitu humu ndani, bila kuchoka na bila kuona haya. Majibu yote yakiwa sawa, taa hii inawaka kijani. Moja likienda kombo, nyekundu.

"Na nyekundu ikiwaka?"

"Hakitoki kitu."

Siku za mwanzo Pacha alijifunza kwa kuumia. Mara ya kwanza alituma swali lake akasahau kuweka kitambulisho, dirisha likamkataa, akaruka kwenye kiti: "Limeharibika!"

"Limekukataa," Kero alisema. "Kukataliwa nako ni jibu. Tena hapo ndipo pa kulishukuru. Andika jaribio linalotaka ukataliwe, na siku dirisha litakapokupokea bila kitambulisho, jaribio lipige kelele."

Hilo lilimkaa kichwani. Aliandika majaribio kama mtu aliyefunguliwa kamba. Aliuliza habari za wagonjwa wa kila namna, na kila mara dirisha lilirudisha namba 200, ambayo kwa lugha ya mashine ni kusema mambo sawa. Kijani. Kijani. Kijani. Akampigia pacha wake simu ya majivuno kabisa, eti sasa yeye ndiye mlinzi wa hospitali.

Kero alimwangalia akimaliza simu yake. Akainuka, akaenda kwenye kompyuta ya majaribio, na kuizima stoo ya mizio, ile programu ya nyuma inayotunza habari za nani haruhusiwi dawa gani. Akaizima kabisa.

"Haya, mlinzi. Endesha majaribio yako."

Pacha akayaendesha. Taa ikawaka kijani.

Akayaendesha tena. Kijani kile kile, kinang'aa kama meno ya mchuuzi.

"Hongera," Kero alisema. "Umeajiri mlinzi anayelala macho wazi. Unaliuliza dirisha kama limefunguka. Halafu hulisikilizi linasema nini."

Pacha alifungua jibu lenyewe akalisoma kwa mara ya kwanza. Stoo ilikuwa imekufa, lakini dirisha halikusema kwamba limeshindwa. Lilirudisha namba 200 na orodha tupu. Na skrini ya nesi, ikipewa orodha tupu, iliandika kwa herufi safi: *Mzio: hakuna.*

Kumbuka hapo. Mashine haikujua, ikasema hakuna.

Pacha alikumbuka korido ya hospitali. Alikuwa mtoto, pacha wake amechomwa sindano ya penisilini, uso umevimba, shingo imevimba, anavuta pumzi na pumzi haiji, na mama yao anapiga kelele ambazo hajawahi kuzisikia tena. Dada aliponusurika, mama aliwasimamisha wote wawili ukutani akawafundisha maneno mawili, wayaseme kila wanapoona koti jeupe: penisilini hapana. Yeye naye, asiyehusika, aliyasema miaka yote ya utoto wake. Yakikwama kwa mmoja, mama alisema, yatatoka kwa mwingine.

Mchana ule hakula. Alimtengeneza mgonjwa wa kubuni mwenye mzio wa penisilini, akaandika jaribio linalosoma jibu lote na kudai neno penisilini liwemo. Kisha akaandika la pili: jaribio linaizima stoo lenyewe, linauliza habari za mgonjwa yule yule, na linadai dirisha liseme waziwazi kuwa halijui. Akaliendesha. Taa ikawaka nyekundu.

"Hapo sasa," Kero alisema, na kwa mara ya kwanza akamsogezea chai.

Ijumaa ilikuwa siku ya kukabidhi. Meneja alikuja mezani akiwa amevaa suti ya kwendea hospitali, jasho jembamba puani.

"Nini hiyo nyekundu?"

Pacha akaeleza. Chapuchapu akadakia kutoka upande wa pili: "Lakini hiyo stoo haijawahi kuanguka, bwana! Imeanguka kwa sababu mmeiangusha nyie!"

"Umeme nao hukatika kwa sababu ya Kero?" Kero aliuliza, na hata wajenzi wakacheka.

Meneja hakucheka. Alivua koti lake, akalitundika juu ya taa kama mtu anayetundika nguo nyumbani kwake. Kisha akamshika Pacha bega, akamvuta pembeni. "Wewe ni mjenzi mzuri. Lizime hilo jaribio moja tu, mengine yote ni kijani. Jumatatu unarudi kwenye meza yako. Nani atajua?"

Na hapo usimcheke Pacha, kwa kuwa aliitaka ile meza. Alirudi kwenye kompyuta yake, akaweka kidole mahali pa kulizima jaribio. Kero alimwona. Kidole kikiwa pale, Pacha akampigia pacha wake.

"We vipi?" Sauti ya dada ilitoka katikati ya mlio wa vyuma.

"Swali moja. Ukienda hospitali siku hizi, bado unawaambia?"

"Niwaambie nini?"

"Penisilini hapana."

Dada akacheka. "Mambo ya mama hayo! Siku hizi hawaulizi, kaka. Wanaangalia skrini."

Pacha akaondoa kidole.

Hakutoa hotuba. Alikwenda mbele ya Meneja, akasema, "Tumemnyang'anya nesi swali lake, bosi. Tukishamnyang'anya, lazima jibu letu liwe la kweli. Silizimi." Kero alisimama kando yake, akaongeza kwamba kama kuna wa kulizima aweke jina lake hapo chini. Ajabu, hakupatikana. Chapuchapu ndiye aliyesema: "Basi jamani, si ni kurekebisha tu? Nipeni mpaka saa ya chai." Akarekebisha, tena vizuri, maana hakuwa mtu mbaya, alikuwa na haraka tu. Tangu hapo stoo ikinyamaza, dirisha lilirudisha kosa, na skrini ikaandika: *Taarifa za mzio hazikupatikana. Muulize mgonjwa au ndugu yake.* Nesi hakuweza kuendelea mpaka athibitishe kwamba ameuliza. Koti likainuliwa. Chini yake, kijani.

Sasa sikiliza malipo yake. Mkataba wa Kero ulipokwisha, haukuongezwa. Hana ushirikiano, walisema. Siku alipobeba kikombe chake na kutoka, kila mtu ofisini alikuwa anatazama vidole vyake mwenyewe kwenye kibodi kana kwamba ndiyo kwanza anaviona. Na Pacha naye.

Miezi ikapita. Asubuhi moja simu yake iliita, namba asiyoijua.

"Wewe ni ndugu wa huyu dada fundi vyuma? Amekatwa mguuni na bati, kidonda kimeingia sumu, homa kali, anaongea maneno hayaeleweki. Wenzake wa karakana wamemleta, wakatupa namba yako. Tunataka kumwanzishia sindano, ila skrini inasema haina taarifa za mzio. Inanilazimisha niulize." Nesi alikuwa amekereka. "Kuna dawa asiyopatana nayo?"

Pacha alisimama. Hakuwa ameyasema maneno yale tangu utotoni, na sauti iliyotoka ilikuwa ile ile ya mtoto aliyesimamishwa ukutani.

"Penisilini hapana."

Nesi akajibu: "Ndiyo hiyo niliyokuwa nimeishika. Asante, kaka."

Walimpa dawa nyingine. Dada akapona, akabaki na kovu refu analowaonyesha watu wasiotaka kuliona.

Siku alipoweza kutembea, mapacha wote wawili walikwenda kwa Kero. Walimkuta sebuleni kwake, kompyuta iko juu ya meza ya kupigia pasi, anafanya kazi za vibarua. Dada hakungoja kukaribishwa kiti. Alimshika Kero mikono yote miwili, mikono yake yenye alama za cheche ikaimeza ile ya mwenzake, na akalia bila kujificha. "Dada, pumzi hii ni yako," alisema. "Nikiivuta nakukumbuka. Nikiitoa nakukumbuka."

Kero alihangaika kama mtu aliyemwagiwa maji. "Jamani, kaeni basi. Kaeni." Macho yake yalikuwa yamelowa. Akajifuta kwa kiganja, akamgeukia Pacha. "Na mimi nashukuru. Nilidhani mmenisahau. Sasa niambie kitu kimoja. Leo taa ina rangi gani?"

Pacha hakujua. Alijaribu kukumbuka kona ile, na alichokiona kichwani ni kitambaa. Koti. Lilikuwa limerudi lini? Lilikuwa la nani? Alikuwa amepita mbele yake kila siku na kikombe chake.

"Shukrani zenu nimezipokea," Kero alisema taratibu. "Chai mtakuja kunywa. Nenda kwanza katazame."

Walikwenda wote watatu, dada akichechemea. Walipanda ngazi za juu ya duka la magodoro, Kero akiingia bila kubisha hodi. Pacha alivuka ofisi nzima, akalishika lile koti, akalitoa. Nyekundu. Ilikuwa nyekundu kwa siku ambazo hakuna aliyezihesabu: mtu aligusa kitu, orodha tupu ikarudi, skrini huko hospitali zikaanza tena kusema hakuna.

"Hili koti ni la nani?" Pacha aliuliza kwa sauti ambayo wenzake hawakuwahi kuisikia. Meneja akatoka mlangoni kwake. Akamwona Kero, akamwona dada na kovu lake, akalitazama koti lake. Chapuchapu alikuwa tayari amevuta kiti. Pacha akakaa kando yake, Kero akasimama nyuma yao akiwanyooshea kidole penye kosa. Hakuna aliyenyanyuka mpaka taa ilipogeuka kijani na hospitali zikapata programu iliyorekebishwa.

Wiki iliyofuata dada alileta kitu alichokitengeneza karakana: kizimba cha chuma cha kuzunguka taa, fito zake zimelala mteremko kama paa. Ukiweka koti, linateleza chini. Walijaribu kwa koti la Meneja mwenyewe, mara nyingi kuliko ilivyohitajika, na ofisi ikacheka mpaka feni haikusikika. Kero hushika zamu kwenye meza ile tena, na mkataba wake safari hii aliusoma yeye kwanza.

Lakini chuma cha fundi yule kipo juu ya taa moja tu. Yako haina. Ulipokaa hapo unaijua kona yako, unajua koti ni la nani, na unajua tangu lini. Unaye pia Kero wako, uliyemwangalia akibeba kikombe chake nawe ukainamia kibodi. Usiseme kesho, kwa maana nesi ameshika sindano sasa, naye anaamini alichokiandika mtu asiyemjua. Weka chini unachokisoma. Inuka. Litoe hilo koti, soma jibu lote, kisha mpigie simu yule uliyemwita kero, umwambie asante.

Inuka sasa hivi.