Tumbaku za Nuru

Mume wangu Mahmoudi ni mtu mwema, lakini ukimkataza jambo, ndipo umemtuma. Binti yetu Nuru alimwambia: "Papa, mu ile chumba ya giza usiingie." Akaingia!

Nuru anasomea mimea pale chuo kikuu. Ametia jeni ya kimulimuli ndani ya tumbaku, ili jani likipata taabu litoe mwanga. Mwanga wenyewe mdogo mno, jicho haliuoni; ni kamera tu, tena gizani. Mmea ambao haukusumbuliwa lazima ubaki giza tupu. Ukiwaka, basi jeni imekaa vibaya na kazi yote ni bure.

Ukawaka. Nuru alirudi nyumbani analia mpaka lituma yake ya ndizi ikapoa kwenye sahani. Profesa kasema mimea yote itupwe. Roho iliniuma, nikamwambia anionyeshe hiyo picha.

Lo! Vidoa vya mwanga vimefuatana, vimezunguka, na kishada mwishoni.

"Papa Nuru!" nikamwita mume wangu. "Tasbihi yako uliweka wapi?"

Mzee akajishika kichwa. Ile tasbihi yake ya plastiki huwaka gizani. "Niliiweka pembeni ya mimea, nikainua mikono, nikaomba dua. Mutoto anatumika kazi peke yake mu giza, mimi nitakaa tu?"

"Si ungeomba huku nje! Dua inashindwa na mlango?"

Nilimfokea, kisha nikacheka mpaka nikakaa chini. Mzee huyu nampenda, Mungu ananiona.

Nuru akamsihi profesa, akapewa ruhusa ya kurudia. Akamvuta baba yake mkono, wakaenda pamoja, nami nyuma yao. Tasbihi nilibaki nayo mimi, nje. Mzee akahesabu kwa vidole. Nilisikia Nuru akisema sasa anabana jani moja kwa koleo.

"Pole," Mahmoudi akaliambia jani.

Tukangoja. Kwenye kompyuta, mimea iliyoachwa salama ilikuwa giza, alhamdulillahi. Kwenye ule mmea mwingine, jani lililobanwa liliwaka. Halafu, polepole, na la juu yake likawaka.

"Hii ya juu hakuna mutu aliigusa, papa," Nuru akasema. "Imepata tu habari ya mwenzake."

Mahmoudi akajifuta macho mbele yetu bila haya.

"Ile siku ulirudi na kulia," akasema, "mimi pia hakuna mutu alinigusa."