Matuta Kumi na Moja ya Mihogo

Kailungu yote ilikuwa na kiti kimoja chenye mgongo, na asubuhi hiyo Mounira alikibeba kichwani kutoka kwake hadi kwenye baraza ya msikiti, mahali komisio, yaani tume ya serikali kutoka mjini, ingeketi. Alikipangusa kwa ncha ya kitenge. Yeye ndiye kapita, mkuu wa kijiji. Kazi hiyo aliirithi kwa baba yake, maana wanaume wa kuirithi hawakubaki.

Kijiji kiko mwisho kabisa wa wilaya ya Mikelenge, nyumba arobaini na mbili kati ya reli na mto Lualaba. Komisio ilikuwa inaandika vijiji vyote upya kwa ajili ya ramani mpya: mipaka, mwanzilishi, watawala, na makaburi. Kijiji kisicho na makaburi yake, walisema, si kijiji bali kambi, na kambi huhamishwa. Kila mtu alijua bandari inatafuta uwanja wa kujenga mabohari. Tena makaburi ya mababu mto uliyameza mwaka wa mafuriko, na tangu hapo maiti wote huzikwa mjini kwa amri ya serikali. Ya Kailungu yenyewe yalibaki kumi na moja tu, na hayo hayaonekani.

Gari lilisimama. Akashuka sekretere, mtu wa makamo aitwaye Roger, mzaliwa wa Punia, na dosiye ya karatasi kwapani. Wakashuka askari wawili. Mwisho akashuka mkubwa wao, Anaclet, na Mounira akamtambua.

Alikuwa amenenepa na mvi zimemjaa, lakini mtu uliyempikia wiki tatu humsahau. Wakati wa vita alikuwa komanda, akilala katika nyumba ya baba yake Mounira na kula sombe ya Mounira, mboga ya majani ya mihogo. Ijumaa moja alisema kijiji kinalisha adui walioko msituni. Wanaume kumi na moja walitolewa, wakapigwa risasi nyuma ya msikiti. Mumewe, Soudi, alikuwemo. Kaka yake, Amuri, alikuwemo. Matanga yakapigwa marufuku: atakayelia atawafuata. Wanawake walichimba wenyewe, wakawalaza bila sanda, na ili askari wasirudi kuona vilima vya udongo wakainua matuta ya mihogo juu yao na kupanda miche alasiri ileile. Siku ile ilikuwa akili. Tangu siku ile hakuna mkono uliochuma jani pale.

"Nani alianzisha hii mugini, mama kapita?" aliuliza Roger, akifungua ukurasa wa kijiji.

"Babu yangu Bulaimu. Alikuya wakati wa kutengeneza reli."

"Na makaburi iko wapi?"

Kabla hajajibu, Anaclet aliinama mbele kitini. "Nasikia wanawake wa hapa wanajua kupika sombe," alisema kwa upole. "Ya siku hizi iko tamu sawa ya zamani?"

Baadhi ya wanawake waliokusanyika barazani walicheka kwa adabu. Mounira hakucheka. Amenikumbuka, aliwaza, na anataka nijue. Aliogopa, akaona aibu kuogopa vile, mwanamke mzima mwenye wajukuu.

Aliwapeleka nyuma ya msikiti. Mihogo ilikuwa imezeeka na kuwa miti, imewapita urefu.

"Mbona hamuvune?" Roger alishangaa.

"Haya njo makaburi yetu. Kumi na moja."

"Walikufa mwaka gani?"

"Walikufa siku moja."

Angeweza kuyameza maneno hayo angeyameza. Roger aliinua kichwa, na kalamu ikasimama. "Bantu kumi na moja siku moja? Walikufa na nini, mama?"

Wanawake walikuwa wamewafuata hadi pale. Riziki, mjane wa Amuri, alisimama mbele yao, mikono kifuani, akimtazama wifi yake. Miaka yote hii alikuwa akingoja mtu mwenye kalamu aulize swali hilo. Mounira aliwatazama askari wawili. Akamtazama Anaclet, aliyekuwa akingoja kwa subira kama mtu anayengoja chai. Ulimi uliponza kichwa. Na hapa vichwa vilikuwa vingi, vya watoto wa Riziki na vya wajukuu zake mwenyewe.

"Homa," alisema.

Anaclet alimwekea mkono begani. "Pole sana, mama. Roger, andika: homa."

"Basi makaburi iko," alisema Roger. "Mugini iko."

"Mugini iko, sisi hatuwezi kukatala. Lakini andika vizuri na upande wa jiografia. Hapa ni chini, maji inakala, hewa ni mubaya. Homa moja iliua bantu kumi na moja siku moja. Serikali haiwezi kuacha raia mahali ya kufa. Watahamishwa mbele ya mvua."

Roger alisoma maandishi kwa sauti, akakishika kidole gumba cha Mounira, akakichovya kwenye wino na kukikandamiza chini ya karatasi.

"Dada," alisema Riziki. "Sema."

Mounira alipangusa wino wa kidole kwa kitenge. Ndipo Riziki alipoingia kati ya matuta, akafika la tatu, akakumbatia shina la mhogo na kuling'oa. Udongo ulimrukia usoni. Akapiga magoti na kuanza kufukua kwa kucha, huku akimwita mumewe kwa jina, akilia kilio alichokatazwa miaka ishirini na zaidi. "Amuri! Toka uwaambie! Amuri we!"

Askari walipiga hatua mbele. Anaclet aliwazuia kwa kidole kimoja.

"Mumuache," alisema. "Munaona wenyewe. Bado homa iko hapa."

Roger alimtazama yule mama aliyekuwa anafukua, akamtazama mkubwa wake, kisha akamgeukia Mounira. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Njo homa, mama kapita? Niandike vile?"

Kucha za Riziki zilisikika zikikwaruza udongo.

"Njo homa," alisema Mounira. "Andika."